Meno ya Tairi na Mawe ya Mgeta

Kila kijiwe cha pikipiki kina mwalimu wake wa matairi. Utamkuta amekaa juu ya siti, njiti mdomoni, akitoa hukumu kwa kila chombo kinachopita: hilo la lami, hilo la porini, hilo umepigwa. Somo lake kuu ni fupi. Njia ikiwa mbaya, funga tairi lenye meno makubwa; ikiwa nzuri, funga lenye mistari. Kwa tope yuko sahihi, na kwa mchanga pia. Somo hilo huvunjikia kwenye mawe, hasa mawe makavu ya mlimani, na huko ndiko mwandishi wa makala haya alikomalizia sehemu kubwa ya ujana wake, akiwa juu ya Yamaha.

Alikuwa bwana mifugo katika tarafa ya Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ambayo leo iko wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro. Ilikuwa miaka ya 1990. Mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walikuwa wameletwa huko katika muongo uliotangulia, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilikuwa na mkono ndani yake, na mbuzi hao hawakuwa wa kuachwa wajitafutie. Walihitaji mtu wa kuwafuata nyumbani: kuchanja, kukata kwato, kuandika nani amezaa na nani maziwa yamemkauka. Wanakijiji walimwita kwa cheo chake, Bwana Mifugo. Hakuhitaji kubisha hodi, maana mlio wa ile Yamaha, DT125 ya viharusi viwili, ulifika kabla yake.

Njia yake ilikuwa tatu kwa moja. Kutoka Morogoro mjini hadi Sangasanga ni lami, barabara kuu ya kwenda Iringa, yenye malori na mabasi yasiyomngoja mtu. Ukikata kushoto pale, wakati ule ulikuwa unaingia barabara ya udongo hadi Mlali, tambarare, vumbi wakati wa kiangazi. Baada ya hapo mlima unaanza. Kona juu ya kona, mifereji iliyochimbwa na mvua, na mawe: mengine yamezikwa nusu, mengine yamelegea, mengine ni mwamba mtupu uliosuguliwa na magurudumu ya malori yanayoteremsha kabichi na karoti. Ukifika kijiji cha Nyandira uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mikono ina ganzi.

Mtu mwenye njia ya namna moja hana haja ya kuumiza kichwa kuhusu tairi. Mwenye njia tatu ndiye mwenye shida, kwa sababu kila tairi analofunga linakuwa zuri mahali pamoja na la hovyo mahali pengine.

Stoo ya mradi wa mbuzi ilikuwa imelimaliza jambo hilo kwa kauli moja: pikipiki za kwenda milimani zinafungwa matairi ya meno. Yalikuwa ya aina ya mbio za porini, meno marefu yaliyoachana, kila moja limesimama peke yake. Yakiwa mapya yalimfanya kila aliyeyaona aitazame ile DT kwa heshima. Kwenye lami ya Sangasanga yalinguruma kama lori. Usukani ulitetemeka, na kwenye kona kulikuwa na dalili moja ambayo mwendeshaji huijua kwa makalio kabla ya kuijua kwa akili: pikipiki inalala, inatulia, kisha inasogea kidogo pembeni yenyewe. Meno marefu yakibebeshwa uzito wa upande hupinda. Kila jino linapinda kivyake, na mwendeshaji analipa jumla yake. Breki za ghafla nazo zilikuwa ndefu kuliko alivyopenda, hasa lami ikiwa na unyevu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uso wa tairi la namna ile ni nafasi tupu na ni mpira mchache tu unaogusa barabara.

Hayo aliyategemea. Kilichomshangaza ni mlima. Pale ambapo meno yalipaswa kulipa gharama yake, kwenye mwamba uliosuguliwa juu ya Mlali, gurudumu la nyuma lilizunguka bure, likatupa kokoto, likaacha mistari myeusi juu ya jiwe. Masika ilipofika, udongo mwekundu ukageuka sabuni, tairi lilelile likawa mfalme: lilichimba, likashika, likalitapika tope kila lilipozunguka. Kiangazi kiliporudi, mwamba ukalikataa tena.

Jibu alilipata Uskoti.

Alikuwa amepelekwa Edinburgh kwa masomo ya tiba ya mifugo ya nchi za joto, na mwezi Mei mwenzake mmoja wa darasani alimchukua kwenda Fort William kutazama mashindano ya pikipiki. Alitegemea mbio. Alichokuta ni mchezo wa triali, ambao hauna haraka hata kidogo. Mwendeshaji hupita kwenye kipande kifupi cha njia kilichowekewa mipaka, mara nyingi kitanda cha kijito au mteremko wa miamba, akiwa amesimama juu ya pedali. Akigusa chini kwa mguu mara moja anaandikiwa pointi moja, mara mbili ni pointi mbili, mara tatu au zaidi ni tatu; akishindwa kabisa ni tano. Anayeshinda ni mwenye pointi chache. Mashindano ya Scottish Six Days Trial yana historia inayoanzia mwaka 1909, na makao yake ya leo ni mji huo ulio chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza wenye mita 1,345. Sammy Miller alishinda hapo mwaka 1965 akiwa na Bultaco ya Kihispania, mara ya kwanza kwa pikipiki isiyo ya Kiingereza, na Dougie Lampkin baadaye akafikisha ushindi mara kumi na mbili.

Kwa bwana mifugo wa Mgeta, jambo moja lilikuwa kubwa kuliko mabingwa. Baina ya kijito kimoja na kingine, waendeshaji walipita barabara za umma, pikipiki zikiwa na namba na bima. Lami, kisha mwamba, kisha lami. Njia yao ilikuwa jamaa ya njia yake.

Akainama kutazama matairi.

Hayakuwa na meno makubwa. Yalikuwa na vibonge vidogo vya mraba, vimepangwa karibukaribu kwa mistari, vifupi kuliko vile vilivyokuwa kwenye DT yake. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, haziruhusu kina cha nafasi kati ya vibonge kizidi milimita 13 kwenye triali. Tairi la mbio za porini huvuka hapo bila kufikiri. Na bado mashine hizi zilikuwa zikipanda miamba ambayo mbuzi wa Nyandira wangeizunguka.

Mmoja wa waendeshaji alipiga goti kando ya gurudumu la nyuma, akafungua kifuniko cha valvu, akaubonyeza ule msumari mdogo wa katikati kwa ukucha. Upepo ukatoka kidogo. Akaweka geji, ambayo mwisho wake ulikuwa psi 15 tu, akasoma, akaongeza kwa pampu ya mkono misukumo miwili, akasoma tena. Kisha akaliminya tairi ubavuni kwa kidole gumba, likabonyea kama halina kitu. Bwana mifugo aliuliza ni kiasi gani. Akaambiwa nne. Aliomba aambiwe tena, kwa sababu kule kwao psi nne ni pancha.

Dakika chache baadaye alimwona mtu huyo akipanda. Gurudumu la nyuma lilipofika kwenye ncha ya mwamba halikuruka wala kuteleza. Lilinywea, mbavu zikakunjamana, mpira ukalizunguka jiwe kila upande, kisha likavuta.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua gurudumu la nyuma lililobeba kilo 100. Upepo wa psi 30 ni karibu kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: eneo la tairi linalogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 47, yaani kadi moja ya benki. Punguza upepo hadi psi 15, eneo linaongezeka maradufu. Ukishuka hadi psi nne hesabu inakupa sentimita za mraba zaidi ya 300. Kwa kweli huwa pungufu, kwa kuwa ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, lakini mwelekeo ni huo. Mpira unashika jiwe kwa kunata juu yake na kwa kujibonyeza ndani ya vinyweleo vyake. Jiwe halichimbiki. Jino refu linalofika juu ya mwamba halina pa kuingia, kwa hiyo linasimama kwa ncha, linapinda na kuteleza, wakati vibonge vidogo vya mpira laini vinaenea na kukaa. Udongo ni habari nyingine: unachimbika, na hapo jino lina kazi.

Ndiyo maana watu wa triali hununua vitu vitatu ndani ya tairi moja, na umbo la vibonge ni cha tatu kwa umuhimu. Cha kwanza ni ulaini wa mpira. Cha pili ni wepesi wa ubavu kukunjika bila kuvunjika. Matairi ya radiali yasiyo na tyubu, yaliyoenea katika mchezo huo tangu miaka ya 1980, yalisaidia sana hapa. Pikipiki yenyewe huwa nyepesi, siku hizi karibu kilo 70, na haina abiria wala gunia.

Akiwa hukohuko alisoma jambo lililomchekesha. Yamaha DT-1 ya mwaka 1968, babu wa DT zote, ilitoka kiwandani na matairi yenye michoro ya triali, la nyuma likiwa la 4.00-18. Waliobuni pikipiki ya kupita lami na pori kwa pamoja walikuwa wamechagua vibonge vidogo tangu mwanzo. Meno marefu yalikuja stoo.

Saizi nazo zilimpendelea. DT125 yake ilikuwa na 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya mwisho ni kipenyo cha rimu. Matairi ya triali ya wakati huo yalikuwa 2.75-21 na 4.00-18. Rimu zilikubali.

Aliporudi Morogoro hakutafuta tairi la mashindano. Hata kama lingepatikana, lami ya Sangasanga ingelila kwa wiki chache, maana mpira laini kiasi kile hauna umri mrefu. Alichotafuta ni binamu yake: tairi la barabara na vumbi lenye vibonge vya mraba vilivyokaribiana, mpira wa wastani, ubavu usio mgumu kama ubao. Maduka ya karibu na Msamvu yalikuwa yamening'iniza matairi nje, yakipigwa na jua toka asubuhi hadi jioni, na hilo peke yake lilitosha kumfanya aombe yaliyo ndani. Mpira huzeeka kwa jua na hewa hata kabla haujagusa barabara. Alikuwa akibonyeza ukucha kwenye kibonge na kutazama alama. Ikirudi polepole na kufutika, mpira uko hai. Ukucha ukiteleza juu bila kuacha kitu, anaweka chini. Alikikunja pia kibonge kimoja kwa kidole gumba na kuchungulia shinani, kwa sababu nyufa za uzee huanzia pale chini, ambapo muuzaji hapangusi.

Siku hizi mnunuzi ana msaada ambao yeye hakuwa nao. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Karibu na saizi kuna namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Tairi la 59P linabeba hadi kilo 243 na linaruhusiwa kufika kilomita 150 kwa saa. 45 ni kilo 165, herufi M ni kilomita 130. Yenye herufi NHS hayakutengenezwa kwa barabara za umma, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Kuyasoma haya kunachukua dakika moja, na inashangaza watu wanavyonunua tairi kwa kutazama meno kisha wanasoma kwa makini maandishi ya kwenye pakiti ya biskuti.

Jambo alilolibishania zaidi ni gurudumu gani lifungwe nini. Nyuma alifunga vibonge vidogo. Mbele aliacha meno, ya kiasi, si yale marefu ya stoo. Sababu yake ni kwamba tairi la nyuma likiteleza, mwendeshaji huwa na nafasi ya kupunguza moto, kukanyaga chini na kutukana kidogo. La mbele likiteleza hakuna nafasi ya lolote. Mtu anajikuta chini akiwa bado ameshika usukani. Mbele panahitaji kitu kinachokata njia kwenye udongo uliolegea na kokoto, nyuma panahitaji kitu kinachonata wakati wa kupanda. Waendeshaji wengi wa pikipiki za lami na pori duniani hufanya mchanganyiko huohuo. Kwenye kijiwe cha Mlali ulionekana ni umaskini: yaani ofisi imekosa hela ya jozi.

Fundi wa Mlali, mzee aliyekuwa ameziba pancha tangu enzi za Honda za misheni, hakuwa na neno na vibonge. Ugomvi wake ulikuwa upepo.

"Bwana Mifugo, ukiupunguza hivi tyubu itajifinya. Usije ukasema sikukuambia."

Alikuwa na hoja. Tairi lenye tyubu halikubali mambo ya Fort William. Upepo ukiwa mdogo mno, jiwe hulisukuma tairi hadi kwenye ukingo wa rimu, na tyubu ikibanwa katikati hutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, moja kila upande. Pia tairi linaweza kujizungusha juu ya rimu wakati wa kuvuta, likaondoka na tyubu, mdomo wa valvu ukang'oka. Wenye nia ya kushusha sana huweka kibano maalumu ndani ya rimu cha kulishikilia. Na kwenye lami kuna joto. Gurudumu la nyuma la DT lina mzingo wa karibu mita mbili. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linazunguka karibu mara 500 kwa dakika, na kila mzunguko ubavu unajikunja na kujikunjua. Likiwa na upepo mdogo linajikunja zaidi, linapata moto, pikipiki inayumba, na tairi linakufa mapema.

Kwa hiyo akaweka desturi ya vituo. Akiwa lamini, psi 25 nyuma na kama 20 mbele. Mlali, chini ya mwembe wa fundi, anashusha nyuma hadi 16 ikiwa hana mzigo, anapanda. Akishuka anajaza kwa pampu ya mkono, kazi ya kutoa jasho ambayo vijana wa pale waliifanya tamthilia yao ya jioni. Geji ilikuwa ndogo, aliinunua Edinburgh kwa bei ya chakula cha mchana, na kama angeambiwa achague kati yake na tairi jipya angeshika geji. Tairi la wastani lenye upepo sahihi lilimpandisha Nyandira bila kutupa kokoto. Tairi ghali lenye upepo wa kukisia kwa teke halikufanya hivyo hata siku moja, na kupima tairi kwa teke bado ndiyo njia inayopendwa nchi nzima.

Masika ndiyo ilikuwa kipimo cha ukweli. Udongo mwekundu wa Uluguru ukilowa hujaza nafasi finyu za vibonge vidogo, na baada ya mita chache tairi linakuwa kipara chekundu. Hapo hakuna upepo utakaokuokoa. Kuanzia Machi hadi Mei alirudisha tairi la meno nyuma, akavumilia ngurumo ya lami, na alipoweza aliiacha pikipiki kijijini Langali akamalizia kwa miguu.

Leo barabara zilezile zinapitwa na bodaboda, na ushauri wa triali hauwafai moja kwa moja. Boxer nyingi zina rimu za inchi 17. TVS HLX nyingi zina za inchi 18, lakini nyuma hubeba tairi la 3.00, na 4.00 itasugua pembeni. Wanachoweza kuazima ni mchoro wa vibonge vilivyokaribiana kwa saizi yao, mpira usio mkavu, na geji. Hata hilo la mwisho lina mpaka wake. Mwendeshaji anayeshusha kutoka Nyandira gunia la karoti, mwenye karoti na mtoto wa mwenye karoti ana uzito nyuma unaozidi ule wa Bwana Mifugo na sanduku lake la chanjo mara mbili. Akishusha upepo hadi 16 kwa sababu amesoma mahali kwamba mwamba unapenda tairi laini, tyubu haitafika Mlali. Kwake yeye, fundi wa mwembeni aliyekuwa akijaza hadi tairi lilie kama ngoma alikuwa na jibu zuri kuliko la Fort William.